Kiti cha Msajili

Daraja la Edmund Pettus, katika mji wa Selma, Alabama, lina mgongo. Ukianzia upande wa mjini huoni kilichoko ng'ambo mpaka ufike katikati, juu kabisa ya mto Alabama. Ndiyo maana watu wapatao 600 walioandamana Jumapili ya tarehe 7 Machi 1965 hawakujua kinachowangoja hadi walipofika kileleni, wakawaona askari wa jimbo wamejipanga kuziba barabara, na nyuma yao watu wa mkuu wa polisi wa kaunti, wengine juu ya farasi. Waliambiwa wana dakika mbili za kutawanyika. Hata dakika hizo hazikuisha. John Lewis, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mbele pamoja na Hosea Williams, alipigwa rungu akapasuka fuvu.

Siku hizi mabasi ya viongozi hushusha abiria pale. Wajumbe wa bodi za shule, wachungaji na maaskofu, wakurugenzi wa hospitali, mameya, wakuu wa polisi, wabunge. Safari ni ya siku chache tu: Birmingham kwenye kanisa la 16th Street, Montgomery, Selma, na wengine hufika hadi Memphis. Mchana hutembea, usiku huketi kwa duara hotelini kuzungumza juu ya ubaguzi wa rangi na nafasi yao katika kuukomesha. Kabla ya kuondoka huwa wamesoma vitabu, na wakirudi huandika wanachokusudia kufanya. Nia ni njema na mimi simo miongoni mwa wanaowacheka. Ila kuna swali linaloniwasha kila ninapotazama picha za misafara hiyo: yule kiongozi akiwa juu ya daraja, anajiona nani?

Nadhani anajiona Lewis. Anapanda kutoka upande uleule wa mjini, kwa mwendo uleule wa taratibu, wawili wawili, na kichwani ana zile picha za nyeusi na nyeupe ambazo dunia nzima inazijua. Mwili unapita walipopita waliopigwa, na moyo unafuata mwili. Hakuna anayemwomba ajiweke mahali pa wale waliokuwa wakingoja ng'ambo. Zaidi ya hapo, hakuna anayemwomba ajiweke mahali pa watu ambao siku ile hawakuwa barabarani kabisa: gavana George Wallace, aliyekuwa amepiga marufuku maandamano, madiwani wa mji, wahariri wa magazeti, wale wa bodi ya kuandikisha wapiga kura, ambao pengine walikuwa majumbani wakipumzika kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Hao ndio waliokuwa viongozi. Na abiria wa basi ni viongozi. Kwa cheo, kwa mshahara, kwa uzito wa saini zao, wenzao wa mwaka 1965 ni hao.

Tukumbuke maandamano yalihusu nini. Katika kaunti ya Dallas, ambayo Selma ndiyo makao yake, watu weusi waliotimiza umri wa kupiga kura walikuwa 15,000 hivi. Walioandikishwa walikuwa mamia machache. Ofisi ya usajili ilifungua mlango kwa shughuli hiyo siku mbili kwa mwezi. Ukifika unapewa fomu ndefu, unaulizwa maswali juu ya katiba, tena sharti uwe na mdhamini ambaye mwenyewe amekwisha kuandikishwa. Msajili ndiye aliyeamua kama umejibu vizuri. Tarehe 22 Januari 1965 walimu weusi zaidi ya 100 walitembea hadi mahakama ya kaunti, wengine wamebeba miswaki ya meno, maana walijua wanaweza kulala mahabusu. Hawa ndio waliokuwa wakiwafundisha watoto wa Selma kusoma na kuandika, na wengi wao walikuwa hawawezi kuandikishwa. Kazi ya kuwazuia watu ilifanywa kwa miaka mingi na kalamu, kimya kimya, saa za kazi. Rungu lilitolewa kalamu iliposhindwa.

Kuna basi jingine ambalo wasafiri hawa wangepaswa kulijua kabla ya kupanda lao. Tarehe 31 Agosti 1962, katika jimbo jirani la Mississippi, watu 18 walikodi basi kuukuu hadi mji wa Indianola kwenda kujiandikisha. Mmoja wao alikuwa Fannie Lou Hamer, mwanamke wa miaka 44 aliyefanya kazi katika shamba la pamba. Msajili alimpa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze. Hakikueleweka, na nia ilikuwa kisieleweke. Njiani kurudi polisi walilisimamisha basi na kumkamata dereva kwa kosa kwamba rangi ya basi ni ya njano mno, inafanana na basi la shule. Jioni hiyohiyo mwenye shamba alimtaka Hamer aende akaondoe jina lake kwenye fomu au aondoke. Aliondoka usiku uleule, akiacha mahali alipofanya kazi kwa miaka 18.

Katika kisa hiki kuna msajili, askari wa barabarani na mwenye shamba. Hakuna hata mmoja aliyemwaga damu siku hiyo. Kila mmoja alifanya kitu kidogo kilichokuwa ndani ya mamlaka yake, na askari yule nina hakika alijaza karatasi zote inavyotakiwa. Ninapowafikiria wakurugenzi na wajumbe wa bodi ndani ya mabasi yao ya viyoyozi, sidhani ni vigumu kwao kuona unyama wa mbwa na mabomba ya maji yaliyoelekezwa kwa waandamanaji wa Birmingham. Unyama ule uko wazi, sanamu zake zimesimamishwa katika bustani ya Kelly Ingram mtoto azione. Kigumu ni ile rangi ya njano. Ni ofisi gani kati ya zao ambayo leo inamrudisha mtu kwa sababu ya namna hiyo, na nani alipitisha kanuni?

Nina mfano wa viongozi wawili waliokuwa katika msafara mmoja. Tangu mwaka 1998 taasisi moja ya Washington, The Faith and Politics Institute, imekuwa ikiwapeleka wabunge wa Marekani Alabama, na kwa miaka mingi kiongozi wa msafara alikuwa Lewis mwenyewe, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mbunge wa Georgia. Mwanzoni mwa Machi 2013 msafara ulifika First Baptist Church ya Montgomery. Kanisa hilo Lewis alilijua vizuri. Mei 1961 alifika mjini humo na vijana wenzake waliokuwa wakipanda mabasi ya masafa weusi kwa weupe pamoja ili kupima amri za mahakama. Kwenye stendi ya Greyhound walikuta genge linawangoja na polisi hawapo, wakapigwa. Usiku wa siku iliyofuata, watu wapatao 1,500 walizingirwa ndani ya kanisa hilo na umati uliokuwa ukirusha mawe.

Miaka 52 baadaye, mkuu wa polisi wa Montgomery, Kevin Murphy, alisimama ndani ya kanisa lile, akaomba radhi kwa niaba ya idara yake kwamba polisi hawakuwalinda vijana wale, akavua beji yake kifuani na kumpa Lewis. Lewis alikuwa amekamatwa mara 40 hivi enzi za harakati na hakuwahi kuombwa radhi na mkuu wa polisi yeyote. Alimuuliza Murphy kama beji haitaji. Akajibiwa kuwa atapata nyingine. Polisi wa mji huo tayari walikuwa wameanza kufundishwa historia ya yale ambayo idara yao ilifanya.

Katika msafara huohuo alikuwemo Eric Cantor, mbunge wa Virginia, kiongozi wa wabunge walio wengi katika Baraza la Wawakilishi. Kazi ya mtu huyo, pamoja na mengine, ni kupanga muswada upi ufike ukumbini na lini. Alitembea Selma na Lewis. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi iliyofunguliwa na kaunti ya Shelby ya hukohuko Alabama, ilibatilisha sehemu ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 iliyoyataja majimbo na kaunti ambazo, kwa sababu ya rekodi yao, zilipaswa kuomba kibali cha serikali kuu kabla ya kubadilisha kanuni za uchaguzi. Siku ileile Texas ilitangaza kwamba itaanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura, ambayo mfumo wa kibali ulikuwa umeizuia. Cantor alitoa taarifa: alikumbusha jinsi siku zile na Lewis zilivyomgusa, akasema anatumaini Bunge litaweka siasa kando na kupata njia. Januari 2014 wabunge wa vyama vyote viwili walipeleka muswada wa kuziba pengo. Haukupigiwa kura. Miezi michache baadaye Cantor mwenyewe aliangushwa katika kura za mchujo za chama chake akaondoka bungeni.

Sitaki kumbebesha yeye peke yake. Kamati husika ilikuwa na mwenyekiti wake, na chama kilikuwa na hesabu zake. Wala sina sababu ya kudhani alikuwa mnafiki. Naamini aliguswa. Hapo ndipo ilipo shida yangu na mafunzo ya aina hii: yanapima kama mtu ameguswa, na kuguswa ndicho kitu ambacho karibu kila mtu anaweza kukitimiza. Murphy naye aliguswa, lakini alipokuwa akizungumza alikuwa anajua yeye ni nani katika hadithi ile. Alisimama upande wa polisi ambao hawakutokea stendi. Alichokitoa kilikuwa kitu cha cheo chake hasa. Cantor alikuwa na ratiba ya Bunge mkononi, na ratiba ndiyo ilikuwa beji yake.

Watu watauliza kwa nini Murphy aombe radhi kwa jambo ambalo hakulitenda. Ni swali la haki na wanafalsafa wamelishughulikia sana. Mimi nakubaliana na wanaosema dhambi hairithiwi. Mtoto wa mwizi si mwizi. Ila mkuu wa polisi anaporithi kiti anarithi jengo, magari, bajeti, nembo, mafaili, hata imani ya wananchi au hofu yao, na hakuna anayesema kwamba vitu hivyo havimhusu kwa kuwa vilikuwepo kabla yake. Dai la kwamba kiti kinakuja na heshima yote na hakiji na deni lolote ni dai la ajabu. Mtu binafsi anaweza kuikana familia yake. Mwenye ofisi hawezi kuukana mfululizo wa ofisi, kwa sababu mamlaka yake yote yanatokana na mfululizo huo. Akiukana, saini yake haina maana.

Turudi kwenye kuguswa, na machozi yake. Kwetu mtu akifiwa, majirani huja. Wapo wanaolia, na kulia ni haki yao, lakini baada ya muda mfupi utaona nani anachota maji, nani anapasua kuni, nani ameshika daftari la rambirambi, nani amekwenda kuchimba kaburi. Mgeni anayekaa siku tatu mkekani akilia kuliko wafiwa, halafu anaondoka bila kuosha hata sahani, atasemwa. Katika duara za usiku hotelini, viongozi weupe hulia, na wenzao weusi wa msafara uleule hujikuta wanawabembeleza. Nimesoma masimulizi ya namna hii mara nyingi kiasi cha kutoshangaa tena. Aliyekuja kujifunza anageuka mfiwa, na mfiwa anageuka mhudumu.

Halafu kuna wazee. Waliokuwa watoto mwaka 1963, waliotoka madarasani Birmingham wakakamatwa kwa mamia, au waliokuwa vijana Selma, leo ndio wanaosimama mbele ya vikundi kusimulia. Wengine wanafurahia kufanya hivyo. Wanajua kwamba wakinyamaza wao watasema wengine, tena vibaya. Lakini Selma yenyewe, iliyokuwa na watu zaidi ya 28,000 mwaka 1960, sasa haina hata 18,000, na maduka mengi karibu na daraja yamefungwa. Januari 2023 kimbunga kilipita katikati ya mji na kuezua nyumba. Kiongozi anayefika pale kwa saa nne, akasikiliza, akapiga picha, akapanda basi kwenda kulala Montgomery, amejifunza nini kuhusu Selma ya leo? Watu wa Selma wana kura sasa. Hawana mengi mengine.

Swali la namna hiyo limekaa nje ya mlango Memphis kwa zaidi ya miaka 30. Lorraine Motel, alipouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, iligeuzwa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1991. Mpangaji wa mwisho wa hoteli hiyo, mwanamke mweusi, aliondolewa kwa nguvu mwaka 1988 ili ujenzi uanze. Akaketi upande wa pili wa barabara na mabango, akawa anawaambia wageni kwamba fedha zile zingejenga nyumba za maskini, kwa kuwa King alikuja Memphis kwa ajili ya wazoa taka waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka. Sikubaliani naye moja kwa moja. Nadhani mahali pale palistahili kuhifadhiwa, na makumbusho yanafanya kazi kubwa. Lakini kama ningekuwa kiongozi wa msafara ningehakikisha hakuna abiria anayeingia ndani kabla ya kumsikiliza. Ukishaingia ndani, kila kitu kimepangwa ukione kama jambo lililokwisha. Pale kando ya barabara ndipo jambo lilipobaki wazi.

Viongozi wa harakati hizo nao walisafiri kwa kikundi kwenda kujifunza, ila uelekeo ulikuwa huku kwetu. Septemba 1964 vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupigania haki za raia, Hamer na Lewis wakiwemo, walikwenda Guinea kwa mwaliko wa Rais Sékou Touré. Kilichomshangaza Hamer, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa kuwaona watu weusi wakirusha ndege, wakihudumia wateja benki, wakiendesha serikali; na rais wa nchi kuwafuata walikofikia. Lewis na mwenzake Donald Harris waliendelea na safari katika nchi nyingine za Afrika, na Nairobi, Oktoba 1964, walikutana na Malcolm X, wakazungumza kwa muda mrefu juu ya namna ya kuunganisha mapambano ya pande mbili za bahari. Tayari mwaka mmoja kabla, katika hotuba yake mjini Washington, Lewis alikuwa amechukua kilio cha mtu mmoja kura moja kutoka Afrika, baada ya kuona picha ya wanawake wa Rhodesia wakiwa na mabango yenye maneno hayo. Kwa hiyo aliyepanda daraja la Selma miezi mitano baada ya Nairobi alikuwa ametoka kuona viti vikiwa na watu wengine. Hamer hakwenda Guinea kutazama mateso ya mtu. Alikwenda akaona karani mweusi dirishani, na hiyo ilimfundisha kwamba msajili wa Indianola ni binadamu aliyewekwa pale na binadamu.

Na sisi? Kila mara ninapofikiria Mkunazini, Unguja, penye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na zile sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, naona kwamba hatuna tofauti kubwa na abiria wa Selma. Wote tunaosimama pembeni mwa lile shimo tunajiona wajukuu wa waliofungwa. Sijamsikia mgeni wa Kiafrika akijiuliza kama babu yake alikuwa mpagazi mwenye bunduki katika msafara wa mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip, au mtemi aliyepokea vitambaa na shanga. Nyumba ya Tippu Tip ipo, hatua chache tu katika Mji Mkongwe huohuo. Haina foleni.

Montgomery kuna mahali palipobuniwa na mtu aliyeelewa tatizo hili, nadhani kuliko mahali pengine popote. Ni kumbukumbu iliyofunguliwa Aprili 2018 na Equal Justice Initiative, shirika la wakili Bryan Stevenson, kwa ajili ya watu zaidi ya 4,400 waliouawa na makundi ya watu bila kesi kati ya 1877 na 1950. Nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja na jina la kaunti na majina ya waliouawa humo. Unaanza ukiwa nazo uso kwa uso; sakafu inashuka polepole, mpaka zinaning'inia juu yako. Ukutani kuna sababu fupi fupi za mauaji. Jesse Thornton, Luverne, 1940: alimtaja askari mzungu bila kutanguliza neno la heshima.

Wageni wengi hukumbuka zile zinazoning'inia. Mimi zinazonishika ni za nje. Kila nguzo ina pacha wake, na mapacha wamelazwa uwanjani kwa safu, kwa sababu mbuni alikusudia kila kaunti ije ichukue wake ikamsimamishe nyumbani. Ukifika pale ukiwa mtalii utasoma majina. Ukifika ukiwa diwani wa kaunti fulani, chuma kinakuuliza jambo mahususi: umekuja na lori? Na swali hilo halijibiwi kwa hisia. Linahitaji kikao, kura ya madiwani, kiwanja, mkandarasi, na jioni ndefu na wananchi ambao hawataki kusikia jina la mtu aliyeuawa na babu zao. Nguzo nyingi zimelala bado.

Yapo mambo ambayo mahali peke yake panaweza kuyafundisha, na kwangu kubwa ni umbali. Vitabu huweka mwaka 1861 katika sura moja na 1955 katika sura nyingine. Dexter Avenue, Montgomery, inaiweka miaka hiyo katika matembezi yasiyofika robo saa. Chini ni uwanja wa Court Square, palipokuwa pakiuzwa watu, na ndipo Rosa Parks alipopandia basi jioni ya tarehe 1 Desemba 1955. Juu ni jengo la serikali ya jimbo, ambapo Jefferson Davis aliapishwa mwaka 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Kanisa la King liko karibu na ngazi za jengo hilo kiasi kwamba waliokuwa madarakani wangeweza kusikia nyimbo. Ubaguzi haukuwa mbali na macho ya wakubwa, ukifanywa na wahuni wa mashambani. Ulikuwa chini ya madirisha yao. Tarehe 25 Machi 1965, watu 25,000 walipofika mbele ya jengo hilo kutoka Selma, gavana alikuwa ndani na hakutoka kupokea malalamiko yao.

Dirisha jingine liko mitaa michache kutoka hapo, katika jengo la serikali kuu lililopakana na ile stendi ya Greyhound. Tarehe 20 Mei 1961 John Doar, mwanasheria wa Wizara ya Sheria, alisimama kwenye dirisha hilo na simu mkononi, akiwaeleza wakubwa wake Washington, pigo kwa pigo, jinsi vijana walivyokuwa wakipigwa chini yake. Hakuwa na askari wa kuwatuma. Alikuwa na simu na macho. Dirisha hilo linanisumbua kuliko daraja, maana ndiyo hali ya kiongozi kwa siku nyingi za maisha yake: anaona, ana njia ya kusema na wenye uwezo, na haijulikani kama kusema kwake kutafika. Doar alisema. Akaendelea kusema kwa miaka, mahakamani, kaunti kwa kaunti, na rekodi za wasajili alizozikusanya yeye na wenzake zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyolisadikisha Bunge mwaka 1965. Siku chache baada ya sheria kusainiwa tarehe 6 Agosti, wasajili wa serikali kuu walifika Selma na watu wakapanga foleni. Daraja lilikuwa lilelile. Karani ndiye aliyebadilishwa.

Jengo lile alimosimama Doar, ambalo pia ni la mahakama, leo lina jina la Jaji Frank Johnson. Johnson na gavana Wallace walisoma sheria pamoja Chuo Kikuu cha Alabama, wazungu wawili wa jimbo moja na kizazi kimoja, kwa hiyo hadithi ya kwamba mtu ni zao tu la mahali na wakati wake inapata taabu hapa. Johnson alikuwa miongoni mwa majaji waliobatilisha utengano ndani ya mabasi ya Montgomery mwaka 1956. Mwaka 1967 nyumba ya mama yake ililipuliwa bomu. Tarehe 17 Machi 1965 alitoa amri ya kuruhusu maandamano ya Selma hadi Montgomery, akisema kwamba ukubwa wa haki ya kuandamana uende sambamba na ukubwa wa dhuluma inayolalamikiwa. Hoja hiyo inafundishwa vyuoni hadi leo. Lakini kilichobaki katika karatasi za kesi ni mambo ya kawaida kabisa: tarehe za kuondoka na kufika, watu wasiozidi 300 pale barabara inapokuwa na njia mbili tu, mahali pa kulala, magari ya chakula, gari la wagonjwa, uzoaji wa taka, vyoo. Kama ningepanga safari ya viongozi, karatasi hizo zingesomwa kwa sauti ndani ya basi kabla halijafika Selma, bila kuruka ukurasa, vyoo na vyote.